Mama Picha, Daktari Aliyetaka Kuambiwa

Ndugu wafiwa, majirani, madaktari na wanafunzi wa marehemu, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake, yule niliyeachiana naye ziwa, nisome historia ya dada yetu, ambaye nyumbani tulimwita Dada, kazini aliitwa Daktari, na kwa watu wengi zaidi, wakiwamo wengine ambao hawajawahi kumwona mbwa akipasuliwa, alikuwa Mama Picha.

Kabla sijafika mbali niseme kwamba historia hii imeandikwa kwa amri. Marehemu aliniita kitandani kwake mwezi wa Aprili, sauti imeshapungua lakini ukali haujapungua, akaniambia kwamba amehudhuria mazishi mengi na kila marehemu husomewa historia ya malaika, hata wale ambao mtaa mzima ulikuwa ukiwakimbia, na yeye anataka asomewe ya kwake. Nikamjibu kwamba marehemu hasemwi vibaya. Akasema, "Sijakuambia uniseme vibaya, nimekuambia picha isipinde." Wenzake wa kazini wanajua maana ya maneno hayo, na wengine mtaielewa nikifika mbele.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Agosti 1956, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi wa makochi, na mama yetu alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, kwa hiyo tulikua kati ya harufu ya gundi na harufu ya sabuni. Tulilelewa kwa adabu. Mtoto hakumkatiza mkubwa, hakumkosoa mkubwa, na mkubwa akipotea njia mtoto alimfuata nyuma kimya mpaka mkubwa atakapogundua mwenyewe. Siku moja baba alirudi kutoka kula chakula cha mchana akaenda kuketi kwenye kochi ambalo hakuwa amemaliza kulipigilia, na sisi watoto wote tuliokuwa pale mlangoni tulikuwa tunauona msumari umesimama, na hakuna aliyefungua mdomo. Baba aliketi. Aliporuka, alitukusanya akatuchapa wote kwa kutomwambia, na Dada, akiwa na miaka minane, alimwuliza huku analia, "Tungesema ungetuchapa, tumenyamaza umetuchapa, sasa tufanyeje?" Kuanzia siku hiyo baba alikuwa akipapasa kochi kwanza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kuimaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1976, ambako alijulikana kwa mwandiko mbaya, majibu sahihi na ubishi usio na breki. Mwaka 1977 alichaguliwa kuingia chuo kikuu, na hapo ndipo nyumba yetu ilipopata mtikisiko, maana baba alikuwa ameshawatangazia wateja wake kwamba binti yake anakwenda kuwa daktari, wakampongeza, na wengine wakaanza kumweleza maumivu yao ya mgongo ili ayafikishe, halafu ikajulikana kwamba binti anakwenda kusomea udaktari wa mifugo. Baba alimwambia, "Nimekusomesha ukawapime mbwa homa?" Dada akamjibu kwamba mbwa naye huumwa, tofauti ni kwamba hana wa kumsemea. Alihitimu tarehe 27 Novemba 1982, na baba alihudhuria mahafali akiwa amevaa suti, akakaa safu ya mbele, baada ya kupapasa kiti.

Aliajiriwa mwaka 1983 katika kliniki ya mifugo ya serikali, jengo la bati lenye meza moja ya chuma na bomba lililotoa maji lilipojisikia, akitibu ng'ombe, mbuzi, kuku, na paka waliobebwa kwenye vikapu. Ilikuwa taa ya juu ya meza hiyo, iliyokuwa ikizimika kila anapoanza kushona, iliyomleta fundi umeme ambaye leo ni shemeji yetu, aliyeketi hapa mbele. Shemeji alikuja kuitengeneza taa ile mara nyingi kuliko taa yoyote inavyoweza kuharibika, hata mhudumu wa kliniki akamshauri Dada amkubali tu ili umeme upate kutulia. Walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1985, na Mungu akawajalia watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1986, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na wa kike aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye alifuata nyayo za mama yake, na ambaye historia hii haiwezi kusomwa bila yeye. Ameacha pia wajukuu watatu.

Mwaka 1991 askari wa kikosi cha mbwa alifika kliniki amembeba mbwa wake begani, mbwa mkubwa wa kifua kirefu, tumbo limevimba na kuwa gumu kama ngoma. Mbwa wa umbo lile wana balaa moja, tumbo hujaa hewa, kisha hujisokota kama mdomo wa mfuko unavyosokotwa ufungwe, damu ikakatika, na mbwa aliyekuwa akikimbia asubuhi haimalizi siku. Dada alimpasua, akalirudisha tumbo mahali pake, lakini alikuwa amechelewa, na yule askari, mtu wa miraba minne, aliketi kwenye ngazi ya kliniki akalia bila kujificha. Dada aliketi pembeni yake. Aliniambia baadaye kwamba kilichomuuma ni kujua kwamba kinga ilikuwapo, kwamba tumbo lingeweza kushonwa mapema kwenye ukuta wa ndani wa mwili, upande wa kulia, likashikana hapo na lisizunguke tena, lakini kwa wakati ule kazi hiyo ilihitaji kumfungua mbwa mzima kidonda kirefu, na wenye mbwa walikataa, wakasema huwezi kumchana mnyama ambaye bado haumwi.

Basi alipopata habari kwamba kuna nchi ambako kazi hiyo hufanywa kwa matundu madogo mawili au matatu, kamera nyembamba ikiingizwa kwenye tundu moja na vifaa kwenye mengine, daktari akishona huku anatazama televisheni, hakutulia tena. Aliomba nafasi mara nyingi, akakataliwa mara nyingi, na hatimaye mwaka 2003, akiwa na miaka arobaini na saba, alikwenda kusoma pamoja na vijana ambao mmoja wao alimdhania ni mama wa mwanafunzi amekuja kumtembelea mwanawe. Alirudi mwaka 2004, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha madaktari wenzake.

Hakuwa na vifaa vya kutosha, kwa hiyo alianzia na sanduku. Shemeji alimtengenezea sanduku la mbao lenye matundu ubavuni, kamera ndogo ndani yake, na televisheni kuukuu juu ya meza ya chakula, na tumbo la mbwa lilikuwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uliotungikwa kwenye kipande cha ngozi ya kochi kutoka karakana ya marehemu baba. Wanafunzi wa kwanza walikaa kwenye meza ile, wakashona mpira, wakautoboa, wakatokwa jasho, huku familia ikila imesimama jikoni, na jirani mmoja ambaye yupo hapa aliwahi kuuliza kwa nini watu wazima wanashinda mchana kutwa wakiangalia filamu ya tairi.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Katika upasuaji huu anayeshona haoni tumbo kwa macho yake, anaona kile anachoonyeshwa na aliyeshika kamera, na kamera ikizunguka kidogo tu mkononi, kulia huwa juu, chini huwa kushoto, na mpasuaji anaendelea kushona kwa ujasiri mahali pasipofaa. Anayekosea hajui kwamba anakosea, ndiyo hatari yake. Kwa hiyo Dada aliweka sheria moja, kwamba mtu yeyote aliyemo chumbani, awe daktari, awe anayesimamia nusukaputi, awe msafishaji, akiona picha imepinda aseme kwa sauti neno moja tu, "Picha," na aliyeshika kamera ainyooshe, bila kununa na bila kuuliza wewe ni nani.

Ni sheria rahisi kuisikia, lakini wote tulilelewa kwenye nyumba kama ile yetu. Madaktari walikuja na vyeo vyao, na vijana walikuja na adabu zao, na picha zikapinda huku watu wamefunga midomo. Nilimwuliza wakati fulani kwa nini analipigania neno hilo kuliko hata ushonaji wenyewe, akaniambia, na haya ni maneno yake, "Mkono wa kila mtu utakosea siku moja, hata wangu. Ninachotaka kujua ni kimoja tu, siku hiyo kuna atakayeniambia?" Ndugu zangu, hilo ndilo lililomkosesha raha miaka yote aliyofundisha.

Ndiyo maana mtihani wake wa mwisho ulikuwa na mtego. Ulifanyika kwenye sanduku, si kwa mbwa, na kamera ilishikwa na daktari mzee mwenzake, rafiki yake wa tangu chuo, mwenye mvi na sauti nzito, ambaye mahali fulani katikati aliipinda kwa makusudi, na mwanafunzi alitakiwa aseme. Aliyenyamaza alifeli, hata kama ushonaji wake ni wa kupigiwa mfano. Binti yake, mpwa wangu, alihitimu udaktari mwaka 2012, akaingia kozi ya mama yake mwaka 2013, akashona vizuri kuliko wote, akanyamaza, akafelishwa. Akarudia mwaka 2014. Safari hii alijua kabisa kwamba mtego upo, aliuona, akafungua mdomo, akatazama zile mvi, akaufunga. Akafelishwa tena. Alimwambia mama yake mbele yangu, "Mama, umenilea nisimkosoe mkubwa, halafu unanifelisha kwa sababu sijamkosoa mkubwa, sasa nifanyeje?" Mimi nikacheka, akadhani namcheka yeye, kumbe nilikuwa namkumbuka mtoto wa miaka minane na msumari wa baba. Wawili hao hawakuzungumza vizuri kwa muda mrefu, na mimi, niseme kweli, nilikuwa upande wa mpwa wangu.

Tarehe 17 Septemba 2015, siku ya kwanza ya kozi mpya, mezani alilala mbwa wa ulinzi, na Dada alishika kamera mwenyewe, kama alivyozoea kufanya kila siku ya kwanza. Aliyeshona alikuwa daktari kijana kutoka mbali. Wanafunzi walisimama kuizunguka meza, na mpwa wangu, aliyekuja kujaribu mtihani mara ya tatu, alisimama karibu na ukuta. Picha ikatetemeka. Ikatulia, kisha ikaanza kupinda, polepole. Wengine walidhani ni ule mtego, maana habari zake zilishavuja, lakini hata hao hawakusema, na waliojua kwamba si mtego hawakusema pia, kwa sababu ikawa ni nani wa kumfunga paka kengele, nani amwambie Mama Picha habari za picha.

Mpwa wangu alijua kwamba si mtego. Wiki chache kabla ya hapo, nyumbani, alikuwa amekiona kikombe cha mama yake kikigongagonga kisahani, akamwona mama akikishika kwa mikono miwili, kisha mama akamtazama kwa jicho ambalo sisi watoto wa nyumba ile tunalijua, jicho la kusema hukuona kitu. Kwa hiyo alijua kwamba akisema neno lile chumbani mle hatakuwa anainyoosha picha tu, atakuwa ameutangaza ugonjwa wa mama yake mbele ya watu, na baada ya hapo mama yake hatashika kamera tena. Lakini kwenye televisheni alikuwa anaona pia kwamba yule daktari kijana amelikamata tumbo karibu mno na tundu ambalo chakula hupitia kwenda kwenye utumbo, na akishona pale tumbo halitazunguka, ni kweli, lakini chakula nacho hakitapita, na mbwa atauawa na kinga.

Akasema, "Picha." Dada akainyoosha. Ikapinda tena, akasema tena, "Picha." Dada akainyoosha kwa mikono miwili, ikawa inatetemeka hivyo hivyo, na mara ya tatu mpwa wangu alisema, "Picha, mama," ilhali ndani ya chumba kile neno mama lilikuwa marufuku kati yao, lilikuwa Daktari na Daktari. Dada hakugeuka. Alinyoosha mkono wenye kamera kuelekea ukutani, mpwa wangu akasogea akaipokea, picha ikatulia, yule kijana akaona alipokuwa ameshika, akaachia, akashika mahali panapostahili, na kazi ikaisha salama. Mbwa yule aliishi mpaka akazeeka na kuanza kubwekea kivuli chake.

Hapa ndipo nilipopata kishawishi cha kuandika kwamba Dada alimkumbatia mwanawe. Hakumkumbatia. Alivua glavu, akatoka, akapanda gari, na jioni ile alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu amenizika mbele ya watu." Alikuwa na uchungu kwelikweli, uchungu wa mtu aliyepata jibu la swali lake na halikumpendeza. Nilimwuliza kama anaukumbuka msumari wa baba. Akakata simu, na kwa majuma kadhaa hakunipokelea.

Siku aliyotoka kwenye kimya hicho, alimwambia shemeji ampakie lile sanduku kwenye gari, wakaenda hadi nyumbani kwa binti yao, na akaliweka mezani. Akamwambia, "Ulifaulu tangu uliposema. Sanduku hili ni lako. Mimi nitakuja kukaa nyuma, na nikikosea usinionee haya." Hapo ndipo walipokumbatiana, shemeji ni shahidi, ingawa yeye anadai kwamba wakati huo alikuwa anakagua soketi.

Madaktari walithibitisha ugonjwa wa kutetemeka mwezi wa Oktoba 2015, na tarehe 31 Desemba mwaka huo marehemu akastaafu. Kwa miaka iliyofuata aliketi kwenye kiti nyuma ya wanafunzi wa binti yake, mikono ameilaza mapajani, akitazama televisheni, na hakuna picha iliyopinda akaiachia. Mwaka 2021 ugonjwa ulimfunga nyumbani, kumeza kukawa kazi, na mwishoni mwa Mei mwaka huu alilazwa kwa homa ya mapafu, ambayo ilimchukua asubuhi ya Jumanne tarehe 6 Juni 2023, akiwa na miaka sitini na sita, mume wake ameshika mkono mmoja na binti yake ameshika mwingine.

Jana alasiri nilikuwa nimeimaliza historia hii, na mahali pa mwaka 2015 niliandika kwamba marehemu aliamua kupumzika kwa hiari yake na kukabidhi kazi kwa furaha. Nikampelekea mpwa wangu aisome, pale jikoni alipokuwa akiosha vikombe vya wageni. Alifuta mikono, akasoma akiwa amesimama, macho yamemvimba, na mimi ndiye mjomba wake, mkubwa wake niliyebaki upande wa mama, na watu walikuwapo. Akanirudishia karatasi, akasema, "Picha, mjomba." Nikaichana, na mliyoisikia ni ile niliyoandika upya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, walioeleza kila hatua bila kutuficha, inawashukuru majirani waliogeuza nyumba zao kuwa zetu wiki hii, inamshukuru yule askari wa mwaka 1991, ambaye ni mstaafu sasa na amekuja na mbwa wake, anamsubiri nje, inamshukuru daktari mzee aliyepinda kamera kwa uaminifu miaka yote, na inawashukuru wanafunzi wote wa marehemu popote mlipo, ambao hatuwezi kuwataja mmoja mmoja, tunaomba kila mmoja apokee shukrani hizi kana kwamba ametajwa.

Dada, uliuliza kama siku hiyo kutakuwa na atakayekuambia. Alikuwapo, nawe ulimsikia, na jana ameniambia na mimi. Pumzika kwa amani.